Kinshasa Inapoamua Tuvumbue Nini

Lubumbashi, mji wa migodi wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ina mlima uliojengwa na watu. Tunauita terili. Ni mabaki meusi ya kuyeyushia shaba, yaliyorundikwa kwa miongo mingi; Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji, ilitoa shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911. Bomba refu la moshi linalosimama kando yake limekuwa alama ya mji, na kwa miaka mingi rundo lile lilihesabiwa kuwa uchafu tu. Leo tunajua kwamba ndani yake mna kobalti, zinki, shaba iliyobaki na jemaniamu, madini adimu yanayoingia katika nyaya za mawasiliano ya intaneti, katika vifaa vya kuonea gizani na katika sola za satelaiti. China ilipoanza kubana mauzo yake ya jemaniamu mwaka 2023, mataifa makubwa yalianza kuutazama mlima wetu kwa macho mengine.

Oktoba 2024, STL, kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali, ilisafirisha makinikia yake ya kwanza ya jemaniamu. Yalikwenda Ubelgiji, kwa Umicore. Umicore ni Union Minière ileile ya zamani, iliyobadili jina mwaka 2001. Gécamines inasema siku moja kazi hii inaweza kufikia hadi 30% ya jemaniamu inayohitajika duniani. Kiwanda kipya cha kuchakata mabaki kwa kemikali kimejengwa hapahapa Lubumbashi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini sehemu ngumu kuliko zote, ile ya kuyasafisha makinikia hadi yawe jemaniamu inayofaa kiwandani, bado inafanyika Ulaya.

Siwalaumu Wabelgiji hapa. Ujuzi huo waliujenga kwa miongo mingi, wakiwa na maabara, bajeti na subira. Ninayemuuliza ni mwenye mamlaka ya kusema, kwa jina la Jamhuri, kwamba kusafisha jemaniamu ni swali la kitaifa la sayansi, na kwamba baada ya miaka kumi lazima vijana wa Kongo wawe wamelijibu. Mamlaka hayo yako Kinshasa. Tunapozungumzia nafasi ya mji mkuu katika sera ya ubunifu, wengi wetu huwaza fedha: nani amepewa, nani amenyimwa. Mimi naona jambo zito zaidi liko kabla ya fedha. Mji mkuu ndio unaochagua ni tatizo gani litaitwa tatizo la taifa. Usipoliona, halimo katika mpango, na lisilokuwamo katika mpango halina mtafiti, halina mashine, halina mwanafunzi wa udaktari.

Na mji huona kwanza kilicho mbele ya macho yake. Kutoka Gombe, komini ya Kinshasa ambako ministeri ziko, hadi terili ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Hakuna barabara ya lami inayounganisha miji hii miwili moja kwa moja. Hata saa zetu hazilingani: sisi tunatangulia kwa saa moja. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anafika Lusaka kwa gari, lakini ministeri yake mwenyewe anaifikia kwa tiketi ya ndege tu. Haya si malalamiko ya Kikatanga ya kutaka kujitenga. Historia hiyo tuliilipia damu na sitaki kuifufua. Ninaeleza tu ni nini kinachofanya afisa mwenye nia njema aandike sera nzuri kwa ajili ya nchi nyingine, nchi inayoishia mwisho wa boulevard ya 30 Juni.

Tabia hii ni ya kale kuliko uhuru. Urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa bomu la kwanza la nyuklia ilitoka kwa kiasi kikubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika jimbo letu. Mwaka 1959 mtambo wa kwanza wa utafiti wa nyuklia barani Afrika uliwashwa katika nchi hii. Uliwekwa Léopoldville, katika eneo la chuo kikuu cha Lovanium. Shimo likabaki kwetu, maabara ikawa kule, na mtambo uliofuata, wa miaka ya 1970, ukajengwa palepale. Sasa haufanyi kazi kwa miaka mingi. Likasi haikuwahi kupata hata shule ya juu ya fizikia ya miale, ingawa watu wake ndio walioishi na vumbi la mawe hayo.

Halafu ikaja 1971. Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire), na vitivo vikagawanywa kutoka Kinshasa. Utabibu, sheria na uchumi vikabaki mji mkuu. Fasihi na sayansi za jamii zikaletwa Lubumbashi. Kwa upande mmoja tulibarikiwa, maana mji huu ukawa nyumba ya wanafikra wakubwa wa Afrika. Lakini chuo kilizoea kuwa mahali pa kupokea uamuzi. Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kikapata jina lake. Lakini uteuzi wa rekta uliendelea kutoka Kinshasa.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, unapita juu ya vichwa vyetu. Ni waya wa umeme wa Inga–Shaba, ulioanza kujengwa miaka ya 1970 na kumalizika 1982, urefu wa kilomita 1,700 hivi, kutoka maporomoko ya Inga hadi Kolwezi. Kiteknolojia ulikuwa ajabu ya wakati wake. Lakini Katanga ilikuwa na mito yake na mabwawa yake, Mwadingusha, Nzilo na mengine, na wahandisi walijua kwamba umeme zaidi ungeweza kupatikana karibu. Wachambuzi wengi wamesema, nami nakubaliana nao, kwamba katika uamuzi ule siasa ilikuwa na uzito kuliko hesabu: aliyeshika swichi ya Inga aliishika pia migodi ya jimbo lililokuwa limewahi kujitenga. Na kwa kuwa umeme wa aina ile, wa mkondo mnyoofu (DC), hauwezi kuchotwa njiani bila vituo ghali vya kuubadilisha, vijiji vya Kasai na Katanga viliuona ukipita tu, vikabaki gizani. Deni nchi ililibeba kwa miaka mingi. Hapo ndipo unapoona kwamba teknolojia inaweza kuwa ya hali ya juu kabisa na bado ikawa jibu la swali la mtu mmoja.

Nimesema mambo ya zamani, na msomaji wa Kinshasa anaweza kunijibu kwamba nyakati zimebadilika. Kweli zimebadilika. Mwaka 2019 Rais Tshisekedi alizindua mpango wa kitaifa wa dijitali wa kufikia 2025. Septemba 2022 ikatoka sheria ya kuendeleza ujasiriamali na kampuni changa. Machi 2023 ikafuata Code du numérique, yaani mkusanyo wa sheria za dijitali. Kijana mwenye kompyuta leo ana karatasi ya kisheria ambayo mkubwa wake hakuwa nayo, na walioandika sheria hizo wanastahili shukrani.

Lakini soma lugha ya sera hizo na usikilize hotuba zinazozizunguka. Mbunifu anayefikiriwa ni kijana wa mjini mwenye programu ya simu: ya kulipa, ya kuagiza chakula, ya kutafuta teksi. Kinshasa ina watu milioni nyingi, msongamano wa magari na biashara ya rejareja isiyolala, kwa hiyo ni haki kabisa programu kama hizo zizaliwe pale. Kosa ni kuchukua mahitaji ya mji mmoja na kuyaita ubunifu wa nchi nzima. Fundi wa Katuba anayetengeneza kipuri cha pampu ya mgodi kwa kukiyeyusha upya hamo katika picha hiyo. Mhitimu wa metalurjia wa UNILU anayejua namna ya kutoa zinki katika mabaki ya terili hamo. Wala hamo mkulima wa Kasenga anayetaka kujua kama maji anayomwagilia yana metali.

Na maswali hayo yamekwisha kufanyiwa kazi, tena kwa ustadi. Watafiti wa UNILU, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health utafiti uliofanyika hapa mjini juu ya watoto wanaozaliwa na ulemavu. Waliona kwamba hatari iliongezeka pale baba alipokuwa akifanya kazi za migodi. Wataalamu wa kilimo wa UNILU, pamoja na wa Gembloux, Ubelgiji vilevile, wamejaribu katika kartie ya Penga-Penga, ambako udongo uliunguzwa na moshi wa kiyeyushio, kuotesha majani ya asili ya Katanga yanayostahimili shaba, ili yashike ardhi na kuzuia vumbi. Mimea hiyo haipatikani popote kwa wingi kama kwenye vilima vyetu vya shaba. Hebu fikiri: nchi yenye migodi mingi kiasi hiki, yenye mimea ya kipekee ya kutibu majeraha ya migodi, ingeweza kuwa mwalimu wa dunia katika jambo hili. Badala yake utafiti unaanza Mbelgiji anapokuja na mradi, na unasimama mradi unapokwisha.

Ndugu zetu wa Goma wanalijua hili kwa uchungu. Kituo cha kuchunguza volkano kiliwekwa palipo na volkano, jambo la busara. Lakini kituo kuwa mahali sahihi hakukutosha, maana mfuko ulikuwa mbali. Fedha za Benki ya Dunia zilipokwisha mwaka 2020, wanasayansi walikaa miezi bila intaneti ya kupokea habari kutoka kwenye vipimo vyao. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na watu wa Goma walikimbia usiku bila onyo.

Kuna wakati Kinshasa iliuliza swali sahihi, na lazima niuseme, tena kwa furaha. Novemba 2021 kulifanyika mkutano mkubwa wa biashara mji mkuu kuhusu betri za magari ya umeme. Hesabu ya BloombergNEF, kampuni ya uchambuzi wa nishati, iliyowasilishwa ilionyesha kwamba kiwanda cha tani 10,000 cha kemikali za kutengenezea kathodi, ncha chanya ya betri, kingegharimu dola milioni 39 kikijengwa Kongo, na milioni 117 kikijengwa Marekani. Aprili 2022 nchi yetu na Zambia zilitia saini Lusaka mkataba wa kushirikiana katika mnyororo wa betri, na mwezi huohuo kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kikazinduliwa UNILU. Kwa mara moja, serikali kuu ilisema: swali ni hili, na watakaolijibu watakaa hapa. Hakuna aliyelazimika kuuhamisha mji mkuu. Ilitosha mji mkuu kukubali kwamba akili ya nchi haiko mahali pamoja.

Kinachonitia wasiwasi ni maisha ya kituo kama hicho baada ya sherehe. Kikiwa hakina mapato yake yanayolindwa na sheria, kinaishi kwa kusubiri barua kutoka ministeri na wafadhili kutoka nje. Waziri hubadilika, na kila waziri huja na neno lake jipya. Utafiti wa betri hauwezi kwenda kwa mwendo huo. Kutengeneza kemikali ya kathodi inayokubaliwa na kiwanda cha magari ni kazi ya majaribio mengi yanayoshindwa kabla ya moja kufaulu, na maabara inayokatiwa fedha katikati hupoteza hata ilichokuwa imejifunza, kwa kuwa wale vijana waliojifunza wanahamia kampuni za migodi au wanavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa.

Fedha zipo. Sheria ya Migodi (Code minier) iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mji, komini au sekta yenye mgodi, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, mrabaha wake ulipanda hadi 10%. Nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia haiwezi kusema haina senti ya maabara. Katika mgawanyo wote huo hakuna fungu lililoandikwa wazi kwamba ni la utafiti unaofanywa karibu na mgodi.

Chile nayo inaishi kwa shaba, na nayo ina mji mkuu unaovuta kila kitu. Mwaka 2005 ilipoweka kodi maalumu ya migodi, iliifungamanisha na mfuko wa ubunifu, na baadaye sehemu ya mfuko huo ikakabidhiwa serikali za majimbo zijichagulie miradi. Afrika Kusini ina Pretoria, lakini maabara ya madini iliyokuja kuwa Mintek ilianza 1934 ndani ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, katika mji wa dhahabu wenyewe. Hakuna muujiza hapo. Walimpa mwenye tatizo sauti katika kulichagua.

Sasa na sisi wa Lubumbashi tujitazame, maana kidole kimoja tu hakitoshi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 203, inaweka utafiti wa kisayansi na kiteknolojia kati ya mambo ambayo serikali kuu na majimbo wanayashika kwa pamoja. Maana yake Haut-Katanga haihitaji ruhusa ya mtu ili iwe na mfuko wake wa utafiti. Ni kweli kwamba ile 40% ya mapato ambayo kifungu cha 175 kinataka ibaki jimboni haijawahi kutekelezwa kama ilivyoandikwa, na hilo ni deni la Kinshasa kwetu. Lakini mrabaha wa 25% ni wa jimbo. Komini nazo zina 15% yao. Tumewasikia wagombea wetu wakiahidi lami, taa za barabarani, madaraja na viwanja vya mpira. Ni yupi aliyewahi kuahidi mashine ya kupima metali katika damu ya watoto wa Ruashi? Hatukumdai. Mjumbe wa baraza la jimbo anaogopa swali la barabara kwa sababu tunamuuliza kila siku. La maabara hatumuulizi, basi hana haja ya kuwa na jibu.

Nikisema haya sitaki kuidhoofisha serikali kuu. Kuna kazi ambazo hakuna jimbo linaloweza kuzifanya. Hataza ni moja. Sheria ya mali ya viwanda tunayoitumia ni ya tarehe 7 Januari 1982, ya enzi za Zaire, na nchi yetu haimo katika OAPI wala ARIPO, mashirika mawili ambayo nchi nyingi za Afrika hulindia uvumbuzi wao. Mhandisi wa Likasi akigundua njia mpya ya kutenganisha kobalti, ulinzi wake ni mwembamba mno mbele ya kampuni kubwa iliyo na mawakili. Hilo halitibiwi Lubumbashi. Ni kazi ya Bunge, ni kazi ya Kinshasa, na ingefaa itangulie mikutano mingine kumi kuhusu kampuni changa. Vilevile viwango vya ubora, ushuru wa vifaa vya maabara vinavyokwama mpakani, mikataba na Zambia: mambo hayo mji mkuu ndio wenye mkono.

Na mkono huo una nguvu, tumeuona. Februari 2025 serikali ilisimamisha mauzo ya kobalti nje ya nchi; bei ikapanda duniani kote. Oktoba mwaka huo kizuizi kikageuzwa kuwa viwango vya mauzo: tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027, zikisimamiwa na ARECOMS, mamlaka ya kudhibiti masoko ya madini ya kimkakati. Kati ya hizo, tani 9,600 zimewekwa kando kama akiba ya kimkakati, zigawiwe kwa uamuzi wa mamlaka yenyewe.

Tani hizo 9,600 ndizo ninazozitaka. ARECOMS iseme kwamba kampuni haitapata hata tani moja ya akiba hiyo mpaka iwe imeweka fedha, kwa mkataba wa miaka mitano, katika utafiti wa kusafisha na kusindika madini unaofanyika Lubumbashi, Likasi au Kolwezi. Orodha ya maswali ya kutafitiwa iandikwe na chuo kikuu, wahandisi wa Gécamines, jimbo na komini zinazoishi na vumbi, kisha ipelekwe Kinshasa kwa sahihi. Swali la kwanza katika orodha hiyo liwe jemaniamu ya terili. Viwango vinamalizika 2027, kwa hiyo sharti hilo liandikwe kabla mgao ujao haujatolewa.